Miwani ya Wageni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kazini mapema, nikakuta mlango wa stoo umesimama barabarani peke yake, bila ukuta, unaota jua. Nikausalimia. Ukaitikia vizuri, ukaniuliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri.

Mimi ni mtunza stoo wa karakana ya Bwana Msangi pale Himo, tunakotengeneza mageti na madirisha ya chuma. Ufunguo wa stoo unalala kwangu. Kwa hiyo hata ndotoni nilijipapasa, nikaukuta, nikauchomeka kama kila siku.

"Leo unataka nini?" mlango ukaniuliza.

"Miwani ya kinga. Fundi Elisaria ana geti la kanisa la kukata."

"Ile iliyo kwenye nailoni?"

"Hakuna nyingine," nikasema.

Na kweli hakuna nyingine, ndotoni na mchana. Zamani kila fundi alikuwa na ya kwake, ikichakaa anakuja kubadilisha na kunilalamikia juu. Tangu ushuru wa vifaa vinavyotoka nje upandishwe, bei ya miwani ya kinga dukani ilipaa ikawaacha mafundi wanaitazama. Halafu miwani yenyewe ikaadimika, maana mwenye duka naye alichoka kuagiza kitu ambacho watu wanakiuliza bei, wanacheka, wanaondoka. Zile za zamani zikapasuka moja baada ya nyingine. Ikabaki hii moja, mpya, ndani ya nailoni yake, na Bwana Msangi akasema isiguswe kwa sababu ni ya siku ya mkaguzi. Mkaguzi akikuta hatuna miwani hata moja, karakana inafungwa na sote tunarudi nyumbani.

Basi mkaguzi akija, naitoa kabatini. Elisaria anaining'iniza shingoni ikiwa ndani ya nailoni vilevile, mkaguzi anaiona, anaridhika, anakunywa soda yake, anaaga. Nami nairudisha. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Elisaria husema akinikabidhi, na karakana nzima hucheka. Siku nyingine zote anakata chuma akiwa amevaa miwani ya jua ya mtumba yenye ufa katika kioo cha kushoto.

Chembe za chuma zimeshamwingia jichoni, na mimi ndiye ninayemtolea kwa ncha ya kanga yangu. Huwa anatukana na kutania. Mara ya mwisho hakutania. Alikaa juu ya ndoo, akaniuliza kama taa ya ofisini inawaka au imezimwa. Ilikuwa inawaka. Tangu siku hiyo ninaogopa, na sijamwambia mtu.

Mlango ukafunguka, nikaingia. Ndani hakukuwa stoo. Ilikuwa sebule ya marehemu mama yangu kule Usangi, na kabati lake la vyombo liko palepale kando ya dirisha. Sahani za maua zimepangwa wima, vikombe vimefunikwa vitambaa vya kudarizi, na katikati ya birika na bakuli la mchuzi imekaa miwani ya kinga, kwa adabu, ndani ya nailoni.

"Shikamoo," miwani ikaniambia.

"Marahaba. Twende kazini."

"Mkaguzi amekuja?"

"Hajaja."

"Basi umekosea siku," ikasema, ikajiegemeza kwenye birika.

Sahani kubwa ya pilau ikakohoa kama mtu mwenye la kusema anayengoja aulizwe. Sikuiuliza. Nikaibeba miwani, nikafungua mlango wa uani.

Uani kwa mama ni karakana yetu. Elisaria amechuchumaa mbele ya geti, grinda inanguruma mikononi mwake, na cheche zimetoka kwenye chuma lakini hazijaruka. Zimesimama hewani mbele ya uso wake, zimepanga foleni nzuri isiyo na kusukumana.

"Mnangoja nini?" nikaziuliza.

"Tunangoja miwani," cheche ya mbele ikajibu. "Tumeambiwa inakuja. Lakini hatuwezi kusimama milele, mama. Sisi ni moto. Tukichelewa tunazimika, na hakuna cheche inayopenda kuzimika kabla ya kufika."

"Mnafika wapi?"

"Jicho la kushoto," ikasema kwa upole. "Si kwa ubaya. Ndiko tulikoelekezwa."

Elisaria hakugeuka. "Mama Niwaeli, usijitaabishe. Hata likipungua hilo, Mungu aliniwekea la akiba."

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Ufikirie kukata geti, mengine niachie mimi."

Nikapiga hatua kumwendea. Kizuizi kikashuka mbele ya tumbo langu, kile cha rangi nyekundu na nyeupe, na kufumba na kufumbua nikawa mpakani. Elisaria namwona ng'ambo, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa kwa ufagio.

Afisa wa zamu ni mizani ya sokoni, ile ya sahani mbili, amevaa tai. Mbele yangu wamesimama buti, kofia ngumu na glovu ya mpira. Hakuna anayelalamika. Kila mmoja anaulizwa jina, anapimwa, halafu msumeno mdogo unatoka chini ya meza na kumkata robo. Ndiyo ushuru wenyewe. Nilikuwa nasikia kwenye redio asilimia hii na asilimia ile, sikujua kwamba zinakatwa na msumeno.

Buti akatolewa kisigino, akapita akichechemea. Glovu akaacha kidole gumba na cha pili. Kofia akakatwa kipande kama cha tikiti, akanigeukia kabla ya kupita.

"Kitu kikimwangukia mtu upande wa kulia, nipo," akanieleza. "Upande wa kushoto mwambie asali."

"Anayefuata," mizani akasema. "Unaingiza nini?"

"Miwani. Lakini siingizi, afisa. Ni ya stoo kwetu, ipo siku zote."

"Ipo siku zote, lakini kazini haijawahi kuingia. Leo ndiyo inaingia." Akaipakata miwani kwenye sahani moja, akaiangalia kwa makini ndani ya nailoni. "Wewe ni pambo au kitu cha kazi?"

"Kitu cha kazi," miwani ikasema kwa sauti ndogo.

"Umefanya kazi gani?"

Miwani ikafikiri. "Nimening'inia shingoni."

"Cheche umeshawahi kuziona?"

"Nimesikia habari zake."

Mizani akanitazama mimi. "Haina mkwaruzo hata mmoja. Inakaa kabatini, inatolewa wageni wakija. Hilo ni pambo, mama, hata ulipake grisi. Na pambo hatulikati robo. Tunalikata nusu."

"Ukiikata nusu, jicho moja litabaki wazi!"

"Lipi?"

"La kushoto!"

"Kila mara ni la kushoto," mizani akasema, kama anayezungumzia mvua za mwaka huu.

Nikamuuliza hivyo vipande vinakwenda wapi. Nilikuwa nimepandwa na hasira, na katika ndoto hasira yangu ina harufu ya rangi ya mafuta. Mizani akanusa, akajibu kwa utulivu kwamba hawakati kwa uchoyo. Vipande vinapelekwa kwa mtoto. Kiwanda cha nchi hii bado ni kichanga, lazima kilindwe. "Nenda ukakione mwenyewe, chumba cha pili. Vua viatu. Kimelala."

Nikaichukua miwani sahanini, nikavua viatu. Ng'ambo cheche zilikuwa zimeanza kubadilisha mguu wa kusimamia.

Chumba cha pili ni kikubwa na kina joto. Kiwanda kimelala kwenye kitanda cha kamba, kimefunikwa shuka jeupe lisilo na mwisho, na kinanyonya bomba lake la moshi. Pembeni kumerundikwa visigino, vidole vya glovu na vipande vya kofia. Ubavuni mwa mtoto kuna dirisha dogo, na ndani ya dirisha amekaa mdogo wangu Ndekirwa kwenye cherehani, anashona.

Hilo halikunishangaza, maana hata mchana Ndekirwa anashona glovu za ngozi katika kiwanda cha hapa nchini. Elisaria anazivaa, na anasema hazijapata mfano. Zimeshamwokolea vidole vyake.

"Shikamoo, dada," Ndekirwa akaniita kwa kunong'ona. "Tafadhali usikiamshe kwa ukali. Kina moyo mwepesi."

"Marahaba. Hiki ndicho kinachokula macho ya Elisaria?"

"Dada, na wewe! Unakumbuka glovu za nje zilipojaa sokoni kama maembe? Tulifungiwa milango. Nilikaa kwako."

Nakumbuka. Alikaa kwangu masika yote, anaosha vyombo ambavyo havijachafuka ili asionekane amekaa bure. Sikutaka arudi katika hali ile, na nikamwambia hivyo. Ndekirwa akapangusa macho kwa kipande cha ngozi, akaendelea kushona.

Kiwanda kikafumbua madirisha. "Nani analia?"

"Hakuna anayelia," nikasema. "Mimi ni Mama Niwaeli. Nimekuja kwa ajili ya miwani. Unaihitaji hii nusu wanayotaka kukukatia?"

Kiwanda kikaiangalia miwani kwa muda. "Hii ni nini?"

"Ya kukinga macho."

"Mimi natengeneza glovu," kikasema. "Macho siyawezi. Niliwaambia wanilinde mikono. Wakasema sawa, wakaleta shuka, lakini lilikuwa moja tu na ni kubwa, likafunika mikono, macho, miguu, masikio, kila kitu. Hata uzi wangu unatoka nje, nao unafika umekatwa."

"Utaweza lini kutengeneza miwani?"

"Nikikua."

"Utakua lini?"

Kiwanda kikafikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijui, mama. Nikipigwa na baridi nakufa. Nikifunikwa sana nasinzia." Na kwa kweli kilikuwa kinasinzia tena. "Mwambie mizani nimesema nusu ya macho siitaki. Nitafanyia nini?"

Sikuwa na ugomvi tena na kile kitoto. Ni vigumu kumchukia mtu aliyefunikwa shuka na wakubwa wake. Nikakifunika vizuri upande wa mikono, alipo Ndekirwa, na upande wa pili nikalikunja shuka kidogo kipate hewa, kama ninavyomfanyia mwanangu wakati wa joto. Kisha nikatoka mbio, viatu mkononi.

"Kimesema hakiitaki," nikamwambia mizani.

"Nani?"

"Mtoto."

"Mtoto hana neno mbele ya sheria," mizani akasema kwa huzuni. "Akiwa mkubwa atasema mwenyewe. Ila tukishakuwa na mkubwa, hatutakuwa na haja ya kumuuliza." Akavuta msumeno. "Labda iwe kitu cha kazi. Kitu kilichokwisha kufanya kazi, nina kifungu kinaniruhusu kukipitisha kizima, kwa huruma. Nionyeshe mkwaruzo mmoja tu."

"Nitautoa wapi?"

"Ipeleke kazini."

"Kizuizi umekishusha wewe!"

"Kizuizi hiki?" Mizani akakitazama kama anayekiona kwa mara ya kwanza. "Hiki kinazuia nailoni. Miwani iliyovuliwa haizuiwi."

Basi nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Nikiivua, si mpya tena. Mkaguzi atakuja atakuta miwani iliyochakaa au iliyopasuka, na ya kuweka badala yake hakuna dukani, na ikiwapo ina bei ya kuchekwa. Bwana Msangi ataniuliza nani alinituma. Geti la kanisa litakamilika, halafu sisi je? Nikaishika nailoni pale penye karatasi ya kuzibia, mkono ukagoma. Umezoea kutunza, mkono huu. Ulifundishwa na aliyejua.

"Tunaomba radhi," cheche ya mbele ikasema kutoka ng'ambo. "Wenzetu wa nyuma wameanza kuzimika."

Nikatafuta pa kuegemea. Meza ya mizani ikawa kabati la mama. Sahani kubwa ya pilau ilikuwa mbele yangu, na safari hii haikungoja iulizwe.

"Wewe ni mtoto wa Nakijwa," ikasema.

"Ndiyo."

"Alitununua kwa jasho la kulima tangawizi. Akatuosha, akatupanga, akasema hizi ni za wageni. Yeye alikula kwenye bakuli la bati lililotoboka, akaziba tundu kwa ugali, akaendelea kula. Sisi tulikuwa tunamwona kupitia kioo. Kila sikukuu tuliambiana, leo atatuteremsha ale. Unakumbuka tulishuka lini?"

Nakumbuka. Tulizishusha siku ya msiba wake. Mimi ndiye niliyelifungua kabati, nikazipangusa vumbi, nikawapakulia waombolezaji. Watu wakasifu kwamba marehemu alikuwa na vyombo vizuri. Nililia jikoni hadi shemeji akaja kuninyang'anya upawa.

"Mgeni alikuja," sahani ikasema. "Mwenyeji hakupona."

Haikusema kwa kunilaumu. Ilisema kama chombo kinachosema habari zake.

Nikaichana nailoni.

Ilitoa sauti kubwa kuliko ukubwa wake. Vikombe vikashika vitambaa vyao. Mizani akavua tai. Ndani ya chumba cha pili cherehani ya Ndekirwa ikasimama, na kizuizi kikainuka chenyewe. Nakimbia. Ua wa karakana ni ule ule mdogo lakini leo una uwanda, una mashamba ya mahindi, una mlima kwa mbali, na mimi nakimbia bila viatu, miwani iko wazi mkononi, inapiga kelele, "Ni upepo huu? Huu ndio upepo?"

"Inua uso, fundi!" nikapaza sauti.

Elisaria akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu na makubwa, ya mtu mwenye watoto. Nikamvika. Mpira wa miwani ukampiga kisogoni.

"Mkaguzi amekuja?" akaniuliza.

"Hajaja."

"Nani basi mgeni?"

"Wewe," nikasema. "Kata geti."

Cheche zikaruka zote kwa pamoja. Ile ya mbele ikafika kwenye kioo cha kushoto, ikagonga, ikaacha mkwaruzo mwembamba kama uzi, ikaanguka chini ya viatu vyake.

"Samahani," ikasema ikizimika. "Nilidhani ni jicho."

"Wengine walidhani ni pambo," miwani ikajibu, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu mzima.

Kutoka mpakani nikasikia sahani ya mizani ikishuka, taratibu, kama inavyoshuka inapokubali uzito. "Kitu cha kazi," akatangaza. "Kipite kizima."

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Jogoo wa jirani amemaliza yake, na mwanangu Niwaeli anapuliza jiko la mkaa mlangoni, amevaa sare ya shule. Nilikaa kitandani nikaangalia ukutani. Ufunguo wa stoo ulikuwa kwenye msumari wake, pale nilipoutundika jana jioni mbele ya mwanangu. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, ndoto ni ndoto, miwani iko salama, nitanunua viazi vya kumwekea Elisaria machoni vimpoze, tutaona mbele ya safari. Nakiri nilifurahi kidogo kwamba sikuwa nimeamua lolote.

"Mama," Niwaeli akasema akiingia na kikombe cha chai. "Umelala umefumbata nini?"

Nikaangalia mkono wangu wa kulia. Vidole vilikuwa vimekazana, ikabidi nivikunjue kimoja kimoja. Ndani yake kulikuwa na nailoni, imechanwa pale penye karatasi ya kuzibia, inanuka mpira mpya.

Nikaipokea chai, nikaiweka mezani. Kutoka barabarani nilisikia baiskeli ya Elisaria ikipita, mnyororo wake unalia kama kawaida. Leo ameanza mapema kwa ajili ya lile geti. Na kule stoo miwani iko wazi kabatini, haina nguo, haiwezi tena kuonyeshwa kwa mgeni yeyote.

Nikatungua ufunguo msumarini, nikatoka mbio nyuma ya baiskeli, hata viatu sikuvaa.